Bahasha ya Sanduku la Pili

Baba alishuka kwenye bajaji hapo getini saa nne na robo asubuhi, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, daftari lake jeusi la ukaguzi kwapani. Nilikuwa nimebeba boksi la chaki. Nusura niliangushe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Yuko wapi huyo bwana anayefungia watoto ndani?"

"Hafungii mtu, baba. Ni mchezo wa kusomea."

"Mchezo!" Alilitema neno kama mtu aliyekuta kokoto kwenye wali. "Sabiha, nimekagua shule za mkoa huu miaka thelathini na moja. Mchezo ni saa kumi jioni, uwanjani, watu wamevaa kaptula. Saa nne asubuhi ni ubao na chaki. Haya, niongoze."

Nikamwongoza. Ningefanyaje? Mzazi mmoja alilalamika kwamba mwanawe anafungiwa maabara, na bodi ya shule ikamtuma baba, mjumbe wake na mkaguzi mstaafu, aje ajionee. Mkuu wa shule alishasema kwamba atakachoandika Mzee Mselem ndicho kitakachokuwa. Akiandika mchezo ufe, utakufa, na mwalimu wa mkataba aliyeubuni atafungasha virago mwisho wa muhula.

Mwalimu huyo ni Mudathir. Na Mudathir, nisiwazungushe, ndiye niliyempenda miezi minane mizima, kimyakimya, baina ya ofisi ya walimu na maabara ya fizikia, hapo shuleni kwetu Raskazone. Nilimpenda kwa namna anavyocheka kabla hajamaliza kusema la kuchekesha. Nilimpenda kwa chaki isiyotoka kwenye kucha zake. Akinipita koridoni hasemi kitu, ananitazama tu mara moja, na mimi naingia darasani kufundisha jiografia nikiwa sijui hata mlima gani uko wapi.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Jumapili iliyotangulia, baada ya magharibi, baba aliniita ukumbini. Shangazi Mwamvua, dada yake, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikuwa amekaa pembeni na tabasamu la mtu mwenye siri.

"Imekuja posa kutoka Pangani," baba alisema. "Kijana Msafiri, yule mfanyabiashara wa nazi. Watu waungwana. Niwajibu nini?"

Kwetu binti akiulizwa hivyo, akinyamaza amekubali. Hakuna asiyelijua hilo. Nililijua tangu sijang'oa meno ya utoto. Lakini nilikumbuka siku moja ya Ramadhani nilipolitaja jina la Mudathir mezani, kwa bahati mbaya ya makusudi, na baba akauliza, "Yule wa michezo? Huyo mkewe atamlisha nini, vitendawili?" Basi woga ukanikaba. Nikautazama mkeka, ulimi mzito, na kabla sijapata neno nikasikia shangazi akipiga kigelegele. Ikawa nimeposwa. Majibu yangepelekwa Pangani Ijumaa, baada ya sala.

Na siku hiyo baba aliposhuka kwenye bajaji ilikuwa Alhamisi.

Msafiri sina ubaya naye, Mungu shahidi. Nimemwona mara mbili, ana adabu, na watu wanamsifu. Lakini mtu huolewa na sifa?

Jumanne nilimweleza Mudathir yote, nyuma ya tangi la maji, huku nikijifanya namuuliza habari za ratiba. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Posa ya pili ikifika kabla jibu halijatoka, si lazima uulizwe tena?"

"Lazima."

"Na ukiulizwa tena, utasema?"

"Nitasema."

"Utasema nini?"

"Wewe leta posa kwanza. Maneno yako njiani."

Akacheka kabla sijamaliza. Siku ileile akamwendea Mzee Kombo, jirani yake, ambaye ameshakuwa mshenga wa ndoa nyingi kuliko anavyokumbuka. Mzee Kombo akampa masharti: barua iandikwe kwa mkono, itiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa gundi, na juu pasiandikwe kitu, maana bahasha ya posa haina anwani, mshenga ndiye anwani. Naye hatakiwi kuifungua. Ataizungushia leso mpya nyeupe, aifikishe, aseme maneno yake mazuri, aondoke. Alhamisi ile saa tatu asubuhi alipita getini, Mudathir akatoka mbio na bahasha, na mimi nikiwa dirishani nikaona leso ikikunjwa. Moyo wangu ulipiga hadi nikadhani watoto wa mstari wa mbele wanausikia.

Kwa hiyo wakati namwongoza baba kwenda maabara, mshenga alikuwa njiani kwenda kwa baba, na baba alikuwa njiani kwenda kwa mposaji. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Mudathir alikuwa anapanga masanduku mezani. Aliponiona alianza kutabasamu, kisha akaona kanzu nyuma yangu. Tabasamu likakatika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Mudathir?"

"Ndiye mimi, mzee. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa, nimekuja kukagua. Hebu nieleze huu mchezo wako, na unieleze kama mtu mzima."

Kidato cha pili wote, wanafunzi arobaini na sita, walikuwa wamesimama kumpokea mgeni, kisha wakaketi. Mudathir akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uoga ulivyomtoka. Ndivyo alivyo, mguse kwenye kazi yake, anasahau hata jina la aliyemtisha.

"Tunauita Toka Ukiweza, mzee. Mlango unafungwa kwa dakika arobaini. Kuna masanduku matatu, kila moja lina kufuli la namba tatu. Hapa mezani kuna swali la kwanza. Wakilipata, jibu ndilo linalofungua sanduku la kwanza. Ndani yake mna swali la sanduku la pili. La pili lina bahasha, ndani ya bahasha mna swali la tatu. Sanduku la tatu ndilo lenye ufunguo wa mlango."

"Na mtoto akishikwa na haja?"

"Madam Sabiha ana ufunguo wa akiba. Mtoto anatoka, anarudi. Huu mlango ni wa mchezo, mzee, si wa jela."

"Na mwerevu mmoja akifanya yote, wengine wakapiga miayo?"

"Hawezi. Kila swali lina vipande, na vipande viko mikononi mwa watu tofauti. Mwerevu bila wenzake hatoki."

"Na yule wa nyuma asiyejua kitu?"

Mudathir alitazama kona ya nyuma, alikokaa Loveness, binti wa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge. Alihamia kwetu Januari, na hakuna mwalimu aliyewahi kuisikia sauti yake. "Yule hajasema neno tangu Januari, mzee. Huyo ndiye niliyemtengenezea mchezo," alisema taratibu.

Baba alivuta stuli, akaketi, akafungua daftari. "Anza."

Nikafunga mlango, ufunguo wa akiba mkononi, saa mkononi. Nikapiga filimbi.

Jamani! Mtu ambaye hajaona watoto arobaini na sita wakigombania swali la fizikia hajaona vita vitamu. Rula ya mita moja ilikuwa imening'inizwa kwa kamba katikati, jiwe upande mmoja, na lazima wajue jiwe la pili likae wapi ili rula isimame sawa. Wenye karatasi ya uzito walikuwa dirishani, wenye karatasi ya umbali mlangoni. Noa, kiranja wa darasa, alipanda juu ya benchi.

"Nani ana uzito wa jiwe jekundu? Jiwe jekundu, jamani!"

"Huku! Gramu mia mbili!"

"Basi lisogezwe ndani! Ndani zaidi! Unalipeleka wapi, Mombasa?"

Rula ikalala sawa. Namba zikazungushwa, kufuli likaachia, ukelele ukapanda. Dakika kumi na moja. Nilimtupia baba jicho. Alikuwa anaandika, uso mkavu, na nilijua ule uso; ndio anaovaa akionja mchuzi uliozidi chumvi nyumbani kwa watu.

Swali la pili lilikuwa jiwe kwenye mizani ya springi, lipimwe hewani, kisha ndani ya ndoo ya maji. Wakabishana. Wakamwaga maji. Mudathir hakuwajibu neno, alitembea tu kati yao mikono nyuma, akiuliza, "Una hakika? Nani amehakikisha?" Mara moja alipita karibu yangu.

"Ameandika nini?" alininong'oneza.

"Sioni kutoka hapa."

"Mshenga atakuwa amefika."

"Nyamaza, mwenyewe yupo hapa."

Harufu ya chaki na sabuni ikanipita. Nikatazama saa yangu kwa nguvu zote, na nikasahau kusoma.

Nilipoinua macho, baba alikuwa ameacha kuandika. Ameegemea mbele, kalamu hewani, anatazama mizani ya springi wakati watoto wanapima vibaya. Mdomo ulimcheza. Alitaka kusema, akajizuia.

Dakika ya ishirini na nane, sanduku la pili likafunguka. Noa akachomoa bahasha ya kaki, akaichana, akaruka juu ya benchi.

"Tulieni! Swali la mwisho, nasoma." Akakohoa kama imamu. "'Kwa mzee wangu mheshimiwa, Mzee Mselem. Assalaam alaykum warahmatullah.'"

Wanafunzi wakapiga makofi wakimtazama mgeni, wakidhani ni heshima waliyoandaliwa. Nikamtazama Mudathir. Alikuwa amejishika mfuko wa shati kama anayetafuta bahasha, mkono umetulia pale. Hapo nikajua. Bahasha mbili za kaki, zote tupu juu, zote zimefungwa kwa gundi, na yeye ametoka mbio na moja.

Ningepiga filimbi. Ningeanguka nikazimia, angalau wangenishughulikia mimi. Nilisimama tu, mgongo mlangoni, na Noa akaendelea kusoma kwa sauti yake ya kiranja:

"'Mimi kijana wako Mudathir Salimu naja mbele yako kwa adabu, kuomba kuzaliwa nyumbani mwako kwa kumposa binti yako Sabiha. Nina miaka ishirini na tisa. Sina shamba wala duka. Nina kazi ninayoipenda, na nimemjua binti yako kwa miezi minane kama mwalimu mwenzangu, sijapata kumgusa hata mkono. Najua wapo wenye zaidi ya nilicho nacho. Lakini sidhani yupo anayefurahi kama mimi anapomsikia akicheka ofisini. Ukinikubali nitamtunza. Ukinikataa nitabaki kukuheshimu, maana wewe ndiye uliyemlea.'"

Noa, Mungu amsamehe, akapaza sauti: "Ni fumbo! Namba zimo ndani! Ishirini na tisa, na nane! Jaribuni mbili, tisa, nane!"

"Haifunguki!"

"Nane ianze! Nane, mbili, tisa!"

"Haifunguki!"

"Hesabu herufi za Sabiha! Sita! Iingizeni sita!"

Watoto wakaivamia posa yangu kama kunguru walioona utumbo sokoni. Mmoja akahesabu mistari. Mwingine akaiinua mwangani kutafuta maandishi ya siri. Na mimi maneno yale yalikuwa yananizunguka kichwani. Anapomsikia akicheka ofisini. Hakuwahi kuniambia hivyo, hata nyuma ya tangi la maji.

"Hilo si fumbo."

Sauti ilitoka nyuma. Nyembamba, lakini kila mtu aliisikia, kwa kuwa ilikuwa haijasikika tangu Januari. Loveness alikuwa amesimama.

"Hilo si fumbo," alirudia. "Mwalimu anamposa Madam."

Ukapanda ukelele ambao nadhani ulisikika hadi bandarini. Wasichana wakashikana. Noa, aliyekuwa ameipokea tena barua, akaishusha kama imemchoma.

Baba akasimama. Akanyoosha mkono, Noa akampa barua. Akaisoma mwenyewe, polepole, miwani kwenye ncha ya pua. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Mwalimu," alisema, "barua hii ni yako?"

"Ni yangu, mzee." Mudathir hakuinamisha kichwa. "Haikuwa ifike hivi. Niwie radhi. Bahasha zimebadilishana. Hiyo ilikuwa ya mshenga."

"Na aliyonayo mshenga ni nini?"

"Swali la tatu, mzee."

Kabla baba hajafungua mdomo tena, simu ikalia kanzuni. Simu ya baba ni kitochi cha zamani, na anaiweka sauti ya mwisho, kwa hiyo akizungumza na mtu mtaa mzima unashiriki. Akaipokea.

"Kaka!" Sauti ya Shangazi Mwamvua ilijaa maabara. "Kaka, rudi nyumbani, imekuja posa nyingine ya Sabiha! Kaileta Mzee Kombo, na leso, na maneno kama asali!"

"Mwamvua, niko kazini."

"Najua mie kwamba haifunguliwi mpaka wewe uwepo, najua! Lakini gundi ililegea, kaka, nikaipa msaada kidogo. Sasa nimesoma mara tatu, sielewi. Huyu kijana kaandika mafumbo matupu!"

Nikaona macho ya Mudathir yakiwaka. Hakuweza kujizuia, yule mtu, hata akiwa ukingoni mwa kaburi lake. "Mzee," alisema kwa haraka, "zimebaki dakika sita. Watoto hawana swali. Mwambie asome, tafadhali."

Baba alimtazama. Akawatazama watoto arobaini na sita. Mimi nilijua kwamba ana haki ya kukata simu, kufunga daftari na kuondoka na kila kitu changu.

"Mwamvua," alisema. "Soma."

"Nisome simuni? Mambo ya siri haya!"

"Soma!"

"Haya. 'Msichana amesimama mbele ya ukuta mrefu wa mawe, anaita. Sauti yake inarudi kwake baada ya sekunde tatu. Sauti husafiri mita mia tatu na arobaini kwa sekunde moja. Ukuta uko mbali kiasi gani?' Umesikia? Anaita, sauti inarudi! Ni Sabiha huyo! Ila hizo mita mia tatu na arobaini ni za nini, kaka? Kitambaa cha mahari? Mbona nyingi hivyo?"

Darasa lilikuwa limeshalipuka.

"Mia tatu arobaini mara tatu!"

"Elfu moja na ishirini!"

"Iingize! Moja, sifuri, mbili, sifuri!"

"Haiingii, hakuna pa kuweka ya mwisho!"

"Kufuli bovu!"

"Dakika tatu!" nilipiga kelele, na sauti yangu ilikuwa ya mtu asiye na akili timamu.

"Kufuli si bovu," baba alisema. Alikuwa ameshafika mezani, sikumbuki alitembea saa ngapi. Kofia imeenda upande. "Kufuli lina namba tatu, ninyi mmeleta nne. Rudini kwenye swali. Msichana kaita. Sauti imefanya nini?"

"Imekwenda!"

"Imekwenda tu?"

Noa akakuna kichwa. Wengine wakaanza kuzidisha upya, wakipata yaleyale. "Dakika moja na nusu!" nikaita. Mudathir alikuwa amefumba mdomo kwa mkono, asije akatoa jibu.

"Imekwenda na kurudi," Loveness alisema.

Sasa alikuwa katikati yao, sijui alipenyaje. "Zile sekunde tatu ni za kwenda na kurudi. Kwenda peke yake ni sekunde moja na nusu. Ni mia tano na kumi."

"Sahihi!" baba alifoka, akapiga meza kwa kiganja. "Sahihi kabisa! Tano, moja, sifuri, upesi!"

Kufuli likaachia. Noa akanyakua ufunguo, akaruka stuli mbili, akanifikia mlangoni na kunikosakosa. Ufunguo ukazunguka, mlango ukafunguka, saa yangu ikiwa imebakiwa na sekunde kumi na nne. Wakamwagika nje kama maharage kutoka kwenye gunia lililopasuka. Wakambeba Loveness juujuu, na yeye anacheka, anacheka kwa sauti.

"Kaka?" simu iliita mkononi mwa baba. "Nani hao wanapiga mayowe? Harusi imeshaanza?"

Baba akaikata. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa. Tulibaki watatu ndani, na madirisha yote yamejaa vichwa.

"Mwalimu Mudathir, nitaandika nilichokiona. Mtoto ambaye hajasema tangu Januari leo amesema mara mbili, na mara zote mbili amesema kweli. Mchezo uendelee."

"Ahsante, mzee."

"Sijamaliza. Hii siipokei." Akamrudishia barua yake. "Posa haisomwi na kiranja wa kidato cha pili. Ina njia yake. Hata hivyo, iwe kwa njia au bila njia, nyumbani kwangu neno la Pangani limeshakubaliwa. Sabiha, Jumapili nilikuuliza."

"Uliniuliza, baba."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Basi?"

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba hakuna atakayenisemea. Barua nzuri kama ile ilishasomwa, na bado kesho jibu langu lingekwenda Pangani. Mudathir alikuwa ananitazama, hakuashiria kitu, alingoja tu.

"Nilinyamaza kwa woga, baba. Si kwa ridhaa."

"Woga wa nani?"

"Wako."

Nilitamani kulirudisha neno, lakini lilishatoka. Baba akatafuta stuli kwa mkono, bila kuiangalia, akaketi. Sijawahi kumwona amezeeka kama siku ile.

"Mimi nimepita mashuleni miaka thelathini na moja," alisema, "nawaandika walimu kwa kosa hilo. Mwalimu anauliza, mtoto ananyamaza, mwalimu anasema ameelewa. Nawaandika kwa wino mwekundu." Akatikisa kichwa. "Kesho ningewajibu ndiyo, mwanangu. Kwa kimya chako ningekuoza."

"Baba..."

"Ngoja. Nakuuliza tena, na safari hii sikubali kimya. Unamtaka nani?"

"Namtaka Mudathir, baba." Nikaona haitoshi. Nikaona miezi minane yote inataka kutoka. "Namtaka Mudathir! Nimempenda, na sitaki mwingine!"

Sitasimulia kelele zilizopigwa, maana hazisimuliki. Machozi yalikuwa yananitoka, na nilikuwa nacheka. Mudathir alisimama palepale, barua mkononi, akinitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwenye matokeo ya mtihani na haamini.

Baba alinyanyua kiganja, watoto wakatulia. Akainuka, akanijia mlangoni, akatoa simu, akaishika mbali na macho, akabonyeza namba moja baada ya nyingine.

"Assalaam alaykum, ndugu yangu. Mselem hapa, wa Tanga. Habari za Pangani? Alhamdulillah. Ndugu yangu, nilikuahidi jibu kesho, lakini si uungwana kukuweka ungoje. Binti yangu amesema, na amesema hapana. La, kijana wenu hana ila, wallahi hana ila. La, wala binti usimlaumu. Kosa ni langu mimi niliyemuuliza."

Akasikiliza. Mkono wa pili ukanitafuta, ukanishika kiganja, ukakibana.

Mudathir alisogea karibu. "Mzee Kombo bado yuko kwenu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Shangazi hamwachii mgeni aondoke bila chai na vitumbua."

"Basi naweza kumwahi, nimpe barua yenyewe."

"Kwa miguu?"

Alishaanza kukimbia, barua kifuani, chaki mkononi, darasa zima likimfuata hadi getini kwa mayowe. Alipotoka, baba alikuwa mlangoni na simu bado sikioni. Alimwona anakuja, akakusanya kanzu yake, akasogea kumpisha.